Namna ya kumrudishia watu mzee mwenye ugonjwa wa kusahau: mwongozo kamili kutoka Ujiji

Mama yangu alikuwa na baraza lake hapa Ujiji, ikishapita alasiri tu utakuta wamama wanne watano wako kwenye mkeka, huyu anasuka ukili, huyu anachambua mchele wa usiku, stori haziishi mpaka adhana ya magharibi. Ugonjwa ulipoanza hakuna aliyemfukuza mtu, baraza lilipungua lenyewe. Wa kwanza kukata mguu alikuwa shoga yake wa miaka yote. Alikuja siku moja akakaa, mama akamuuliza "we mtoto wa nani?", akajibu, dakika mbili mama kauliza tena, afu tena, yule bi mkubwa akajitanda kanga yake akaaga huku machozi yanamlenga na hakurudi. Mwingine akasema anaogopa kumchosha mgonjwa. Mwaka haujaisha nikawa nimebaki mimi na mama na redio.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba wale wamama hawakuwa na roho mbaya, hawakujua tu mtu kama huyo unakaa naye vipi. Na mimi muda wote huo nilikuwa bize kumfundisha mama akumbuke, "mama huyu nani? mama leo siku gani?", kumbe wa kufundishwa walikuwa wageni. Mwongozo wote huu umesimama hapo.

Hatuko peke yetu kwenye hili. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na demensia, ndo huu ugonjwa wa kusahau, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku huku kwetu. Hapa Tanzania utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukatolewa 2013, ulikuta kama asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea wanayo. Kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa wazungu.

HATUA YA 1: Jua kwanza unashughulika na nini

Demensia si ugonjwa mmoja, ni hali inayoletwa na magonjwa tofauti ya ubongo. Linaloongoza ni la Alzheimer, linachukua kama asilimia 60 mpaka 70, linalofuata linatokana na mishipa ya damu ya ubongo, hapo ndo unakutana na mambo ya presha na kiharusi. Na si uzee wa kawaida. Mzee kusahau chumvi kwenye mboga ni uzee, ila mama aliyewasha jiko la mkaa miaka hamsini akisimama mbele yake hajui aanzie wapi, hiyo si uzee tena.

Mpeleke hospitali, kwa mkoa wetu wa Kigoma ya rufaa ni Maweni, kwa sababu kuna vitu vinafanana na demensia na vinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo ikizembea, sonona, kaswende ya zamani, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bure, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii uulizie kitambulisho cha matibabu cha mzee, usikae nyumbani ukasema sina hela.

Kama mabadiliko yamekuja ghafla, jana alikuwa mzima leo anaongea vitu havieleweki, usisubiri, usiseme "ndo ugonjwa wake". Malaria, UTI au mwili kukaukiwa maji vinamvuruga mzee kabisa ndani ya siku moja, hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Mambo mawili ya bei rahisi ambayo watu wanayaruka: masikio na macho. Mi nilipiga kelele miezi nikidhani mama haelewi, kumbe masikio yamejaa nta, yalivyosafishwa akaanza kusikia majirani wanavyosemana ukuta wa pili na kuchangia mada. Asiyesikia hawezi kukaa barazani, atajitenga mwenyewe. Kutosikia, kutoona vizuri na kukaa mpweke vyote vimo kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, iliyotolewa 2024 na jopo la jarida la Lancet.

Na dawa za kumlaza, tafadhali. Kuna duka la dawa, sitalitaja, niliomba kitu cha kumsaidia mama alale usiku nikapewa vidonge na nikampa, asubuhi yake hakujua mlango uko wapi, akaanguka. Valiamu, na hata piritoni hii ya mafua, zinaweza kumzidishia mzee kuchanganyikiwa. Bila daktari usimpe.

HATUA YA 2: Sema wazi, mapema, kabla mtaa haujasema

Hii naijua inauma, familia nyingi zinaficha. Ila huku magharibi unajua mwenyewe mzee wa kike anayetoka nje usiku, anaongea peke yake, amevaa nguo ovyo, mtaa unampa jina gani. Vikongwe wameuawa kanda hii kwa tuhuma za uchawi, eti macho mekundu, wakati macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Ukificha ugonjwa unawaachia watu watunge wenyewe. Kumtangaza ni kumlinda.

Mimi nilipita nyumba kwa nyumba na maneno haya haya, yachukue: "Mama ana ugonjwa wa ubongo unaomsahaulisha. Hauambukizi. Sio wazimu na sio mambo ya usiku. Mkimkuta njiani peke yake msimkimbie na msimgombeze, muamkieni, mshikeni mkono mwambieni twende nyumbani, afu nipigieni."

Waambie majirani, mwenyekiti wa mtaa, imamu au katekista, mwenye genge, na usiwasahau vijana wa bodaboda kijiweni. Mimi hao ndo jeshi langu. Mama ametoka mara tatu bila mimi kujua na mara zote tatu kamrudisha bodaboda, tena mmoja alimpakia akamzungusha kidogo kwanza kwa sababu alikuwa anacheka.

HATUA YA 3: Andika daftari la maisha yake

Daftari la shule la kawaida linatosha, kurasa nne tano. Waulize wakubwa zake na wadogo zake kabla nao hawajaondoka. Alizaliwa wapi, alicheza nini, alifanya biashara gani, nani alimpenda, nani waligombana (hii muhimu, usije ukamletea mgeni ambaye hawakuongea tangu wasichana), anapenda nini kula, dua gani au wimbo gani wa kanisani ameushika, kitu gani kinamtisha.

Kumbukumbu za karibuni ndo huwa zinaondoka mwanzo, za ujanani zinadumu. Mama hajui kama amekunywa chai, lakini muulize kuhusu Liemba. Hiyo meli ilijengwa Ujerumani 1913 ikaja vipande vipande ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa 1916 kwenye vita, ikaopolewa 1924, 1927 ikaanza kazi tena, hayo nimeyasoma. Ya mama ni tofauti: nani alishuka na kitambaa gani, bei ya kreti ya ndizi, kijana aliyembebea mzigo bila kumdai. Hicho ndo cha kuandika, maana ndo mgeni atakachoanzia.

Andika pia lugha. Mzee aliyekulia Kasulu akajifunza Kiswahili ukubwani anaweza kurudi kwenye Kiha kitupu, na wajukuu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, hawajui hata salamu. Mtafute mtu anayekijua, hata fundi viatu, awe anapita. Nimeona babu mmoja aliyekuwa kanyamaza wiki nzima akafunguka kwa salamu moja tu ya kwao, zile ndefu za kupiga makofi.

HATUA YA 4: Wafundishe wageni kukaa naye

Hapa ndo penyewe, soma polepole.

Mgeni asimpe mtihani. "Unanikumbuka? Mimi nani?" ni swali la kumwaibisha mtu mzima mbele za watu, atajisikia mjinga na hataki kukuona tena hata kama hajui kwa nini. Mgeni ajitaje mwenyewe: "Shikamoo bi mkubwa, mimi jirani yako wa pale kwenye mchikichi, nimekuletea ndizi." Basi. Salamu yetu hii ni dawa, shikamoo mtu ameisikia tangu hajaota meno, akili inaweza kuwa imechoka kabisa lakini mdomo utajibu "marahaba" wenyewe, na akishajibu marahaba ameshakuwa mkubwa wa hapo, heshima yake imerudi. Kwa hiyo watoto wote wanaopita getini kwangu ni lazima wamwamkie, hata mara kumi kwa siku, haijalishi.

Mgeni aje kwa mbele, asimguse kwa nyuma, akae chini macho yalingane. Redio izimwe. Watu wawili inatosha, wakiwa sita kila mmoja na lake anapotea katikati, anaanza kuvuta pindo la kanga, ukiona hivyo jua amechoka. Dakika ishirini, nusu saa. Waje asubuhi, maana jua likianza kuzama wengi wanabadilika, mama ikifika saa kumi na mbili jioni anataka "arudi kwao" na yuko kwao.

Maswali yawe mepesi. "Chai au uji?" badala ya "utakula nini?". Na akirudia swali, jibu kama ndo mara ya kwanza, kwa sauti ile ile. Najua inachosha, mi mwenyewe ya saba huwa naenda uani kuhema.

Sasa lile swali gumu, la waliokufa. Mama alianza kumuulizia baba, "mbona hajarudi?". Mi nikamwambia ukweli, mama, baba alishafariki. Alilia kama ndo kwanza kaletewa habari, akajipiga kifua, nikambembeleza, baada ya saa moja kauliza tena. Wiki ile moja nilimfiwisha mama yangu mara nne. Siku hizi akiuliza namwambia "umemkumbuka baba eh? Alikuwa anapenda kula nini?" na yeye ataanza, migebuka ya mawese, ugali wa muhogo uwe mgumu, asipokuta pilipili ananuna, mpaka anacheka. Kaka yangu anasema huko ni kudanganya. Sidanganyi, nauliza, na ninayemuuliza ndiye anayejua jibu. Ila akiniuliza kwa utulivu kabisa akinitazama machoni, "baba yako alikufa?", namjibu ndiyo na tunaomba dua.

Afu kuna utani. Bibi na mjukuu ni watani siku zote, na huu utani unadumu kuliko majina. Mwanangu wa kiume hajaitwa jina lake na bibi yake mwaka wa pili huu, lakini akiingia tu: "Mume wangu umechelewa, ulikuwa kwa nani?" na yeye anajibu "kwa mke mdogo", inakuwa vita ya kuchekesha. Kama wajukuu wanaogopa, waanzishie hapo.

Mimi haya yote niliyasema kwa voisi ya dakika tatu nikaitupia kwenye grupu la familia na la kikoba. Walionisikiliza ni kama nusu, na nusu inatosha kujaza wiki.

HATUA YA 5: Mpe kazi ya kweli

Kampani sio kuketi mnatazamana. Watu wetu wanakaa pamoja kwa kazi. Mama aliuza dagaa za Kibirizi maisha yake yote, kwa hiyo namwekea sinia mapajani na dagaa kama kilo moja. Vidole vinajua: anakamata, anabana kichwa kwa kidole gumba, kinatoka na utumbo wake, mwili unaenda kulia, uchafu kushoto, hatazami hata. Siku moja alisimama akanusa, akaikunja moja ikakatika vibaya, akanikaripia, "hizi zimenyeshewa na mvua mchangani, amekuuzia nani?" Na kweli zilikuwa zimenyeshewa.

Jirani mmoja akaanza kuja na sinia lake, eti mama anachambua vizuri kuliko yeye, wakawa wanakaa. Hapo hata asipojua jirani ni nani haina shida, kuna kazi katikati yao. Usipime matokeo. Akichanganya vichwa na miili, utachambua tena akishalala, usimnyang'anye sinia.

Wengine: kukunja kanga, kumenya karanga, kuchambua mchele, kusuka ukili. Kwa babu ni bao, hata kama anakula kete kwa sheria zake, kushona wavu kama alikuwa mvuvi, na kahawa ya kijiweni. Ongea na muuza kahawa kuwe na mtu mmoja wa kijiwe anayemngoja, akae upande wake. Sumu, mafuta ya taa na visu viwe mbali, hilo halihitaji maelezo.

HATUA YA 6: Mtoe nje, ila kwa mpango

Usimfungie. Msiba, maulidi, harusi, ibada, ni haki yake na ndo anakokutana na watu wake. Nenda mapema kabla hapajajaa, mkae pembeni karibu na njia, ujue choo kiko wapi kabla hajakihitaji, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni yeye tu. Nusu saa ikitosha mnaondoka. Msibani mtangulie kumwambia mwenye msiba, ili mama akiuliza "kafa nani?" kwa sauti watu wasishangae. Bajaji tumia dereva yule yule, wa kwetu ameshajua asikate kona haraka na ampe shikamoo.

Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye upindo wa ndani wa gauni na pindo la kanga. Picha ya karibuni iwe kwenye simu yako. Akipotea usizunguke peke yako, piga kijiweni, omba msikitini watangaze kwa kipaza sauti, na anza na maji, ziwani na visimani, halafu sehemu za maisha yake ya zamani. Mama mara zote alikuwa ameelekea upande wa mwalo. Ziwani asiende bila kushikwa mkono, hata iweje.

HATUA YA 7: Wakusanye wazee

Huko huko Hai walijaribu tiba ya mazoezi ya akili kwa vikundi, vipindi 14 ndani ya wiki 7, utafiti ukatolewa 2017, na wazee walionekana kunufaika kwenye kufikiri na hata kwenye hali ya maisha yao. Vifaa vya ghali havihitajiki, kwa hiyo unaweza kuanzisha kitu cha namna hiyo chini ya mwembe.

Wazee watano sita, wenye hali zinazokaribiana. Mara mbili kwa wiki, siku zile zile, saa ile ile, kama dakika 45. Mnaanza na wimbo mmoja usiobadilika, huo ndo unawaambia "tumeanza". Kisha mada moja yenye kitu cha kushika: leo chupa ya mawese na kibuyu, siku nyingine nyavu, kanga za zamani, sarafu, jani la mchaichai la kunusa. Uliza maoni, usiulize kumbukumbu: "kanga hii na hii, ipi ya kuvaa harusini?" halina jibu la kukosea. Mwisho chai na wimbo ule ule. Mwanzoni kwetu walikuja watatu na mmoja akalala kipindi kizima, tuliendelea hivyo hivyo, naye aliendelea kuja na kulala, mkwewe anasema siku hizo usiku anakuwa mtulivu.

HATUA YA 8: Ndugu wa mbali na wewe mwenyewe

Walioko Dar wasitume "pole sana" tu. Wagawie zamu: huyu analipa bajaji ya vikao, huyu analipa binti wa kukaa na mama Jumamosi ili mimi nitoke, huyu anapiga simu kila Ijumaa asubuhi. Video inamchanganya mama, anatafuta mtu nyuma ya simu, sauti tupu inaenda vizuri zaidi, hasa ukianza na salamu na kumwimbia kidogo. Na Jumamosi yangu hiyo siombi ruhusa wala sijielezi, naenda Kigoma mjini natembea tu.

Ikifika hatua ya kutoongea, wageni wasikatwe. Wafundishe kumpaka mafuta mikononi taratibu, kumsomea, kumwimbia, kukaa tu wakisuka ukili wao pembeni yake. Yule shoga yake nilimfuata nyumbani mwenyewe mwezi uliopita nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alikuja Jumatatu, akaamkia yeye ingawa ni lika moja, mama akaitika marahaba kwa maringo yote, wakachambua dagaa hawakusema kitu karibu nusu saa. Wakati wa kuondoka nilimkumbusha asiage kwa kwaheri ndefu, inamtia mama wasiwasi. Akasema "naenda dukani mara moja nakuja", mama akamwambia amletee chumvi.

Alhamisi alikuja nayo.